Weka Panga Chini, Ekai

Kuna siku moja ya ujana wangu naikumbuka vizuri, Ekai mjukuu wangu, kwa hiyo weka panga chini unisikilize. Na hao vijana uliowaleta wakae. Nina hasira leo, na sitaificha.

Umekuja hapa Kanamkemer kubomoa ekol yangu, kibanda cha kivuli nilichokisuka kwa majani ya mkoma kwa mikono yangu mwenyewe. Eti wakwe wako watarajiwa wanakuja Jumamosi. "Ata, hii kitu inatuaibisha," unaniambia, mimi nyanya yako!

Mwanangu, siku hizo za ujana nilikuwa Kakuma, mke kijana, nikiwauzia wakimbizi majani ya mkoma. Kulikuwa na mwalimu wa kambini, Ruth, Mmarekani mweusi. Mchana mmoja joto la chumba chake cha mabati lilimfukuza, akaja kuketi kwenye ekol yangu. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Akaniuliza:

"Nani amejenga hii?"

"Mimi."

"Na mzee?"

"Mzee anajua mbuzi. Nyumba ni ya mama."

Akacheka, halafu machozi yakamtoka. Akanieleza nyumba ya nyanya yake, kusini mwa Amerika: nyembamba, vyumba vimefuatana kama ngamia njiani, mlango unatazama mlango, upepo unapita kutoka barazani mpaka uani. Waliojenga nyumba kama hizo walikuwa wajukuu wa watumwa. Wazee wao walinyang'anywa hata majina, lakini ujuzi wa kujenga walivuka nao bahari kutoka huku Afrika.

Pale barazani nyanya yake alisalimia kila aliyepita. Kisha wakubwa wa mji wakasema hivyo ni vibanda vya aibu, wakaleta tingatinga la kubomoa. Aliyemshawishi nyanya huyo akubali kuhama ni mwanawe mwenyewe, babake Ruth. Alikuwa amesoma, akaona haya. Nyanya akawekwa ghorofani, hana wa kumsalimia, na hakuishi sana.

Ruth alinishika mkono mpaka ukauma. "Mama, wewe usikubali." Nikamwahidi.

Sasa tingatinga langu ni wewe! Hayo mabati unayotaka kujenga hapa, saa saba mchana hata mbuzi hataingia. Wakwe utawaketisha wapi, wachemke?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jenga mabati, jenga hata ghorofa, sikukatazi. Lakini usibomoe nyumba ya mwanamke aliyeijenga mwenyewe, naye yuko hai, kwa kuogopa macho ya wageni. Hiyo aibu umepewa na watu ambao hawajawahi kuketi hapa. Warudishie.

Haya, chukua panga lako. Nenda mtoni Turkwel ukakate majani mapya, upande huu umeanza kupitisha jua. Ukirudi, piga magoti hapa kivulini nikutemee mate ya baraka. Mungu wetu Akuj akupe mke mwenye mikono ya kujenga, na hasira kama yangu.