Maiti Tisa kwenye Sinia

Kazi yangu mjini ilikuwa kutoamini watu. Nilikuwa mkaguzi katika ofisi ya bima, ghorofa ya tano, na kila asubuhi niliwekewa mezani faili za watu waliosema gari limegongwa, duka limeungua, ng'ombe amekufa. Nilizisoma nikitafuta uongo, na mara nyingi niliupata. Tabia hiyo ilikataa kubaki ofisini. Nilirudi nayo jioni nyumbani Kabiria, nikala nayo, nikalala nayo.

Kwa hiyo askari wangu wa kwanza alipopotea, sikujiambia kwamba nimemsahau mahali. Nilijiuliza nani amemchukua.

Nieleze kwanza hao askari. Walikuwa vinyago vya madini ya risasi, kila mmoja hazidi kidole gumba cha mtu, nusu Wahabeshi na nusu Wataliano, karibu mia mbili kwa jumla. Nilikuwa nimewapaka rangi mwenyewe kwa miaka sita, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana wanaume wanne kwa mwalimu mmoja mstaafu kule Spring Valley, tukapigana vita vya zamani juu ya meza yake, kwa kete na rula ya kupimia mwendo. Watu wazima, ndiyo. Cheka tu, nimezoea.

Mwaka ule mwalimu alileta kitabu kipya cha sheria. Katika sheria za zamani kila askari alisimama peke yake juu ya kibao chake cha duara. Katika sheria mpya walisimama wanne wanne juu ya kibao kimoja kirefu, na kikosi kilitembea kwa pamoja. Hata hapo nilishuku. Nimeshinda mara tatu mfululizo, halafu ghafla sheria zinabadilika? Lakini wale wengine wawili walikubali, nami nikaenda kwa fundi wa mbao karibu na Adams Arcade akanikatia vibao hamsini. Nilikuwa na mwezi mmoja kuhamisha jeshi zima.

Kumhamisha askari kunataka subira. Unamloweka katika maji ya vuguvugu mpaka gundi ilegee, unapitisha kisu chembamba chini ya nyayo zake, unambandua polepole usimvunje kifundo, kisha unamwanika. Niliwaanika kwenye sinia kubwa kibarazani, jua linapopiga. Tisa kati yao walikuwa wametengenezwa wamelala, wamekufa. Mmoja alitanda mikono, mwingine alijikunja kama mwenye kuumwa tumbo. Katika sheria mpya, kikosi kikichoka unakiwekea maiti mmoja kando yake ili kila mtu ajue. Niliwahitaji wote tisa.

Na ni hao waliopotea. Jumatatu maiti mmoja hakuonekana. Jumatano, mwingine. Walio hai hawakuguswa, hata jenerali wangu juu ya farasi mweupe, ambaye mwizi mwenye akili angeanza naye. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko wizi wenyewe. Nani huiba maiti?

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu, na mtoto wetu wa miezi miwili. Halafu kulikuwa na mama mkwe wangu, aliyetoka kwao Magharibi mwa nchi kuja kumsaidia binti yake kulea. Sikupata kumwona vizuri hata siku moja. Alikataa kulala kwetu, akalala kwa dada yake Kawangware. Alifika asubuhi nikishatoka, akaondoka kabla sijarudi. Tukigongana langoni aligeuza uso, akajifunika leso, akapita huku amejibana ukutani. Mkono wa salamu hakunipa. Mimi ni mtu wa Dagoretti, na kwetu mama mkwe hupewa kiti kikubwa na chai, akakuhoji mpaka ukome. Mke wangu alikuwa amenieleza kwamba kwao mama na mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Niliyapokea maelezo hayo kama nilivyopokea ya wenye faili. Mtu asiyenitazama machoni ana jambo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia.

"Mama yako anasali kanisa gani siku hizi?" nilimuuliza mke wangu jioni moja. Nilikuwa nimesikia wahubiri wanaochoma sanamu za watu wakizitoa mashetani.

"Kwani?"

"Hao askari wangu. Labda anapelekea pasta."

Alimtoa mtoto titini, akanitazama. "Wewe, hiyo ofisi imekuharibu kichwa. Mum hana haja na hizo vitu zako. Na nikuambie mapema. Ukimkosea mum, naenda na yeye. Mimi na mtoto."

Mke wangu hatishi mtu. Akisema, amesema. Ningekuwa na akili ningeyaacha hapo, niwatengeneze maiti wengine.

Kufikia asubuhi ya Alhamisi ya wiki ya pili alibaki mmoja, yule aliyejikunja. Ofisini nilisema naumwa jino, nikatoka saa sita mchana. Nilifungua lango la ploti taratibu kama mwizi. Kibarazani sinia lilikuwa na walio hai tu. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kashamba ka sukuma wiki na migomba ya mwenye nyumba.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba, kijiko mkononi, akinong'ona. Mbele yake palikuwa na vilima vidogo vya udongo vimepangwa safu, kila kimoja na ua la manjano la magugu juu yake. Kiganjani alishika kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Mama!" nilipaza sauti.

Alijifunika uso. Nami, kwa hasira niliyoilea wiki mbili, nilimpokonya kile kifurushi. Vidole vyangu viligusa vyake. Alipiga ukemi kama aliyemwagikiwa na uji wa moto, akaangalia mgomba, na hakugeuka tena.

Mke wangu alitoka mbio na mtoto. Mama akasema naye, kwa Kiswahili, ili nisikie bila kuambiwa. "Muulize bwana yako. Hawa watu wamelala nje siku ngapi? Jua linawachoma, nzi wanatua. Hawana mtu wa kuwazika?"

Nilisimama na kile kifurushi. Mke wangu hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliniambia jambo nililolijua nusu tu, kwamba kaka yake mkubwa aliondoka kutafuta kazi na hakuonekana tena. Walimtafuta miaka mingi, hospitali na mochari. Mwishowe wazee walichimba kaburi la mtu mzima na kuzika shina la mgomba badala yake, watu wakalia, na mama yao alitazama mgomba ukishushwa.

"Sasa unamletea maiti mlangoni," akasema, "unataka apite tu?"

Niliona aibu. Nakumbuka vizuri niliiona, ilinipanda shingoni. Kinywa kilikuwa tayari kuomba msamaha. Lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kuhesabu vile vilima, maana macho yangu yalilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Vilikuwa saba, na mmoja nilimshika mkononi.

"Hao ni wanane," nikasema. "Wa tisa yuko wapi?"

Asubuhi iliyofuata waliondoka kwenda Magharibi, wote watatu.

Jumamosi nilikwenda Spring Valley na jeshi lisilo na maiti. Nilikuwa nimemrudisha wa nane chini ya mgomba, nikamfukia mwenyewe, vibaya. Mwalimu aliniuliza wafu wangu wako wapi. Nikamwambia wamezikwa. Alicheka, akanipa vifungo vya shati nitumie badala yao, nikashindwa kabla ya chai.

Jumatatu mvua ilinyesha mjini. Nilichukua koti langu lililokaa wiki mbili nyuma ya kiti cha ofisini, nikatia mkono mfukoni kutafuta leso. Nilimgusa kabla ya kumwona. Alikuwa yule aliyetanda mikono, amegandamana na karatasi ya peremende. Nilikuwa nimekuja naye kumpima kwenye rula ya ofisi, siku ile ile aliyopotea wa kwanza.

Nilimbandua ile karatasi polepole, koti magotini. Halafu nikatoa simu.

"Nimempata wa tisa," nikasema.

"Wapi?" Sauti ya mke wangu ilikuwa kavu.

"Kwa mfuko yangu."

Nikaendelea kabla hajakata simu.

"Niulizie Mama, tafadhali. Kichwa kinaelekezwa wapi? Nataka kumzika leo, nimzike vizuri."

Nilimsikia akiuliza kwa lugha yao. Nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikijibu, bila haraka, na mtoto akilia karibu yake.

"Mum anasema mtu hazikwi na mtu mmoja," mke wangu akaniambia. "Anasema umlaze ndani, umfunike. Utungoje."