Jina Lisilo na Suruali wala Gauni

Kwetu Bungoma jina la mtoto hukuambia mengi kabla hujamfunua nguo. Ukisikia Wanjala, huyo ni mwanamume aliyezaliwa wakati wa njaa. Ukisikia Nanjala, huyo ni mwanamke wa njaa hiyohiyo. Waacholi, ambao nimewakaangia chapati hapa Nsambya, ng'ambo ya mpaka, kwa miaka kumi na sita, nao wana desturi ya namna hiyo: Odong ni mwanamume, Adong ni mwanamke. Kwa hiyo siku ya kwanza niliyoambiwa nipeleke chai kwa Koplo Kidega, niliingia kambi ya polisi nikitafuta mwanamume mwenye masharubu.

Nikamkuta mwanamke mrefu, buti zinang'aa, anafunga mkanda wa sare.

"Kidega ni mimi," akasema. "Weka chai hapo, wacha kushangaa."

Sikuwa wa kwanza kushangaa. Jina lenyewe ni la nadra, na wachache wanaolibeba wengi wao ni wanaume. Wanawake wenye jina hilo, katika miaka yangu yote hapa, nimemjua mmoja tu, yeye. Alipoingia chuo cha mafunzo alipangiwa kitanda katika bweni la wanaume. Barua zilimjia zikimwita Bwana. Alipoomba nyumba ya kambi akapewa chumba cha makapera, akakaa nje na mtoto mgongoni mpaka mkubwa wake akaona haya. Hayo alinisimulia akicheka, nami nikacheka naye.

Lakini kuna jambo ambalo hakuwahi kulicheka. Mganda au Mkenya akilisikia jina lile husikia jina tu. Mwacholi husikia kesi. Maana yake ni "wamenikataa". Mama yake, Abalo, alipata mimba ya askari mmoja wa jeshi, na ndugu za askari wakasema mtoto si wao. Desturi yao ni kwamba mama na mtoto mchanga hukaa ndani siku tatu akiwa wa kiume, siku nne akiwa wa kike, halafu hutolewa nje na jina huitwa mlangoni. Siku hiyo watu wa baba wakifika, wao ndio hutoa jina, na mtoto ana kwao. Kwa Abalo hakufika mtu. Akasimama mlangoni akaita: Kidega. Alikuwa anawatangaza, si kumtaja mtoto, lakini wao walikwenda zao na mtoto ndiye aliyebaki na tangazo. Tangu hapo kila afisa wa Kiacholi anayefungua faili lake humwuliza, "Nani alikukataa?" Miaka arobaini na minne anaulizwa hivyo na watu asiowajua.

Sasa alikuwa sajenti, na binti yake Babra, wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amepata mimba ya Ojera, kijana anayeuza vioo vya simu sokoni Nakivubo. Baba yake Ojera ni Mzee Otema, askari magereza mstaafu wa Luzira. Otema alipopelekewa habari alisema mambo hayo hayajui. Ojera akaacha kupokea simu. Mimi ningemfuata hukohuko kwenye vioo vyake nikavipasua kimoja kimoja, lakini Kidega alinikataza.

Babra alijifungua hospitalini Jumapili, mtoto wa kike, mzima. Siku ya pili wakarudi kambini. Nilipowapelekea uji niliwasikia wakibishana tangu nje.

"Futa," Kidega alikuwa anasema. "Futa sasa hivi."

"Sifuti, Mama."

Babra alikuwa ameandika kwenye simu yake, pale ambapo marafiki wote husoma: Kidega amefika. Basi, maneno mawili, bila picha.

"Walikataa, si walikataa?" Babra akasema. "Hata jaja, bibi Abalo, alifanya hivi. Wacha watu wote wajue."

"Jaja yako alifanya, na nani alibeba? Yeye? Mimi ndio nilibeba." Kidega alikuwa hapandishi sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanigeukia. "Mama Wanjala, ambia huyu mtoto. Kama mtu mmoja tu wa kwao Ojera anakuja hapa kabla ya jina kuitwa, mtoto iko na watu. Kama hakuna, huyu anaita jina yangu, na mtoto ataulizwa kila ofisi mpaka azeeke. Mimi sitaki."

Babra akageukia ukuta. Nikaweka uji chini nikaondoka.

Jumanne, siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nakanda unga nilipomwona mzee mwenye koti akipita mbele ya kibanda changu. Nyuma yake mwanamke wa makamo amekumbatia kuku mweupe. Askari wa getini aliyekuwa akiwaongoza akaniambia ni Otema na dada yake Ayot. Nilifuta mikono nikawafuata. Umbea? Ndiyo, umbea, lakini moyo wangu pia ulikuwa unadunda.

Kidega alisimama mlangoni, sare kamili, maana alikuwa anatoka kazini. Uso wake ulikuwa umefunguka kidogo, sijawahi kuuona hivyo.

"Sajenti," Otema akasema, "sisi nakuja kutoa mtoto nje. Damu ni damu. Kijana wangu alikosea, mimi pia nilikosea. Tumeleta kuku, na jina tumeleta."

"Karibu, Mzee. Lakini bado. Ni kesho."

"Kesho namna gani? Mimi nahesabu tangu Jumapili. Leo ni ya tatu."

"Ya tatu ni ya mvulana," Kidega akasema. "Huyu ni msichana."

Kuku akapiga bawa moja. Nilimwona mzee akirudi kwenye hesabu yake, akiitafuta mahali ilipoharibika. Alikuwa amesikia yale maneno ya simu ya Babra, kwamba Kidega amefika, na Makidega wote aliowahi kuwafunza na kuwafungia milango kule magereza walikuwa wanaume. Hakuuliza. Alihesabu siku tatu, akanunua kuku, akaja kuchukua mjukuu wa kiume.

"Tulisikia Kidega," akasema hatimaye.

"Na mimi ni nani, Mzee?"

Akamtazama toka buti mpaka kofia. "Basi tutaona kesho," akasema, akageuka. Ayot alibaki amesimama, akichungulia giza la chumba nyuma ya bega la Kidega, mpaka kaka yake alipomwita. Kuku aliondoka nao. Mimi nilimtazama yule kuku mpaka akapotea getini, nikajua kesho hakuna mtu.

Kidega hakukubaliana nami. Jioni ile alifagia kibaraza mara mbili, akaazima viti viwili kwa jirani. Babra naye alikuwa amelegea. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nadhani jina walilolileta kutoka Luzira lilikuwa zuri. Nikamwambia ale uji.

Jumatano kulikuwa na mawingu. Desturi inataka asubuhi, na ilipofika saa mbili majirani walikuwa wameshasimama uani, wake wa polisi, watoto wamebebwa. Kidega, sare kamili kama jana, akasema tungoje mpaka saa tatu. Saa tatu akasema barabara ya Luzira ina msongamano, tungoje nusu saa. Saa tatu na nusu alitazama geti tu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimfanya anyooshe shingo, na kila ilipopita niliona aibu kwa niaba yake. Nilitaka kumvuta mkono nimwambie inatosha, usiwape watu hawa raha ya kungojwa. Sikuthubutu.

Saa nne kamili akaingia ndani. Babra alikuwa amevaa gauni la gomesi la kuazima, mtoto mikononi.

"Sasa ita," Kidega akamwambia.

"Siwezi, Mama. Naogopa. Toa wewe jina, toa lolote."

Alikuwa amepewa nafasi aliyoitaka siku zote tatu. Jina lolote. Kidega akamchukua mtoto, akatoka naye mpaka kizingitini, akamwinua watu wamwone. Midomo yake ikasogea bila sauti. Halafu akaita, kwa sauti ya gwaride, mpaka wakazi wa nyumba za reli za jirani wakasikia:

"Kidega."

Baadaye nilimwuliza kwa nini, kwa ukali, maana nilikuwa nimekasirika. Akaniambia alikuwa na jina jingine tayari, zuri, lakini watu wale walisikia mtoto ni msichana wakarudi na kuku wao, na mdomo wake ulikataa kusema uongo mbele ya mlango.

Majirani hawakupiga vigelegele. Mmoja mmoja walianza kuondoka, na mvua ikaanza kudondoka.

Hata nusu saa haikupita, pikipiki ikaingia ndani ya kambi kabisa. Ayot akashuka, gauni limelowa, mikono mitupu.

"Nimechelewa?"

"Jina imeshaitwa," Kidega akasema.

"Jina gani?"

"Unaijua."

Ayot akakaa pale pale kwenye ngazi ya kibaraza, kwenye maji. "Ndugu yangu alikataza," akasema. "Tulibishana tangu asubuhi. Kuku amefungia ndani. Yeye alihesabia mvulana. Mimi sikuwa nahesabu kitu, mimi nilitaka kuona mtoto."

Nikasema kama ni hivyo jina libadilishwe, kwani limeshaandikwa wapi? Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyetukana. Jina likishaitwa mlangoni limeitwa. Babra akaanza kulia.

Ayot akanyoosha mikono. Babra akasita, kisha akampa mtoto. Ayot akamfuta tone la mvua kwenye paji la uso, akamtazama kwa muda mrefu. Aliogopa kulisema jina lile, niliona, maana lilikuwa linawashtaki watu wa nyumba yake. Kisha akalisema hata hivyo, polepole.

"Kidega. Kidega, mtoto wa kwetu."

"Naam," akaitika sajenti.

Lilimtoka tu, kwa sauti ndogo ya kitoto, akiwa amesimama wima na kofia kichwani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu azaliwe hakuna shangazi wa upande wa baba aliyewahi kumwita. Hakuna aliyecheka. Ayot akainua macho, akamwelewa, akasogea kidogo kwenye ile ngazi iliyolowa.

"Na wewe pia," akasema. "Njoo, kaa."

Akakaa, na sare yake, na akalia mbele ya kambi nzima.