Samaki Wasiokimbia Kivuli

Tangu wanawe wawili wa kiume wapofuke wakiwa wadogo, Yudith aliitwa mchawi kijijini kwao Chamwino. Kawala macho wanawe, walisema. Majirani walimwazima kinu, na akikirudisha walikiosha mbele yake.

Binti yake mkubwa, Evelina, aliapa kumsafisha jina. Kwa ajili hiyo hakuchoka na kazi yake ya maabara chuoni Dodoma. Kila asubuhi aliondoa kizuizi kilichotenganisha samaki dume na jike, vijisamaki vyembamba vya milia, wakataga, naye akayakimbiza mayai kwenye hadubini. Ilimbidi aliwahi yai likiwa bado seli moja, halijagawanyika, alichome kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, aingize dawa ya kuharibu jeni moja tu: ile ile iliyokutwa na kasoro kwenye damu ya wadogo zake.

Mayai mengi yalikufa. Yaliyobaki yalipoanguliwa na samaki kukua kidogo, Evelina alipitisha mkono juu ya bakuli. Samaki ambao hawakuchomwa wakatawanyika. Wale waliochomwa wakabaki pale pale, macho wazi, hawaoni kitu. Akalia kwa furaha, Mungu amsamehe.

Hakungoja. Siku wazee wa upande wa mchumba walipokuja kumposa mdogo wake Anitha, aliona ndiyo nafasi, wote wamekusanyika. Akasimama.

"Shikamooni wazee wangu. Mama yangu si mchawi. Ni jeni, imo kwenye damu. Baba alikuwa nayo, mama anayo. Nimehakikisha kwa samaki."

Mshenga, Mzee Mazengo, alisikiliza vizuri mno. "Kwa hiyo hata binti huyu anaweza kuwa nayo?"

Evelina hakujua kudanganya. "Anaweza, babu. Lakini watoto hawapofuki mpaka na mume awe nayo."

Hilo la mwisho nani alilisikia! Wazee waliaga kwa adabu, chai haijanywewa, na hawakurudi tena. Uchawi walikuwa tayari kuuvumilia, maana mchungaji angeuombea ukaisha. Damu hawakuitaka.

Anitha alijifungia chumbani. Evelina akamfuata mama yake jikoni, machozi yakimlengalenga. "Lakini mama, sasa wanajua hukuwaloga."

Yudith alikuwa akimwaga chai iliyopoa.

"Ungeniacha mchawi tu, mwanangu," alisema. "Mimi nilikwishazoea."