Jina la Mama Audrey

Sella Akeyo ni fundi wa cherehani wa Kambi Muru, mtaani Kibera, Nairobi. Kazi yake nyingine haimlipi: yeye na wanawake wenzake huwahesabu wanawake wanaouawa na waume au wapenzi wao, Kibera hadi Kawangware. Husoma magazeti, huuliza polisi, huuliza majirani. Sharti ni moja: kila marehemu aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Hilo walijifunza kwa aibu. Mwanamke mmoja aliwahi kuingia orodhani mwao mara mbili, gazetini kwa jina lake na mtaani kama Mama Marvin, na afisa mmoja akawacheka mkutanoni, eti wao ndio wanaua watu mara ya pili.

Basi alipouawa Mama Audrey huko Kabiro, Kawangware, Sella alifunga kibanda akaenda. Gazeti lilikuwa limeandika “mwanamke” tu. Polisi walimwambia angoje mpelelezi.

“Alikuwa anaitwa nani?” Sella alimuuliza Risper, jirani wa marehemu.

“Si Mama Audrey?”

“Jina lake yeye.”

Yeye na marehemu walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta miaka na miaka, wakiombana chumvi na kuachiana watoto. “Woi,” alisema. “Hilo sijui, dada.”

Nyumba ilikodishwa kwa jina la mume, Okeyo, ambaye sasa yuko korokoroni. Ndugu zake Okeyo walimjua kama “yule Mkamba”. Hasira zilimpanda Sella. Mtu awapikie, awazalie, awafulie, halafu hata jina wasiwe nalo!

Akachutama mbele ya Audrey, binti wa marehemu. “Mrembo, baba alikuwa anamwitaje mama?”

Mtoto akafikiri. “Alikuwa anamwita ‘wewe’.”

Sella alikaa pale mlangoni akalia bila kumwonea haya mtu.

Jua lilikuwa limeanza kupungua mama mzazi wa marehemu alipofika kutoka Kitui, akishikiliwa na jamaa zake. Hakusalimia mtu. Langoni mwa ploti alijitoa mikononi mwao, akavua leso kichwani, akapaza sauti:

“Ndululu! Ndululu wakwa, mwanangu! Nimekuja, toka nje!”

Sella aliliandika jina hilo. Nyuma yake wapangaji walikuwa wametoka milangoni, nao wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini:

“Ndululu ni nani?”