Hema langu na machozi ya Mama Salma

Leo nimesimamisha hema peke yangu, mtaa mzima ukaja kulia. 😭

Jumamosi tunaenda kulala ufukweni Kigamboni. Wenzangu wakanicheka: "Mtoto wa Kariakoo, hema utaliwezea wapi?"

Nikanunua, nikalijaribu mbele ya nyumba yetu. Vigingi haviingii kwenye sementi, nikafunga kamba kwenye madumu ya maji.

Likasimama wima!

Nikaingia ndani kufuata simu nipige picha. Natoka, nakuta jirani yetu Mama Salma kajitanda khanga, analia. Nyuma yake wamama wamebeba viti, mmoja ana sukari.

"Mwanangu, bibi katutoka saa ngapi?"

Jamani! Turubai nje kama msibani, na wanajua bibi yangu alikuwa anaumwa. Wangefikiria nini?

Mara bibi huyo mlangoni. "Nani kafa?"

Mama Salma, machozi bado yanamtoka: "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi akavuta kamba za hema. "Limekaza. Huyu ndiye mjukuu wangu."

Kisha akawatazama wote.

"Kumbe nitazikwa vizuri. Haya, sukari ipo, chai ipikwe."

Tumeinywea humo humo hemani. Mlionicheka, mpo?