Sahani ya Vibua kwenye Bakuli Jekundu

Hatsue Kuribayashi ndiye aliyechagua mgahawa, na alikuwa na sababu zake. Mdogo wake, Yasuo, alitaka wakutane kwenye hoteli ya karibu na stesheni, penye vitambaa mezani na wahudumu wanaotembea kama wanaogopa kuamsha mtoto. Hatsue akakataa katakata. Alitaka pale barabarani, kwenye sushi za mkanda, vile vitonge vya wali na samaki vinavyopita mezani juu ya mkanda unaozunguka, penye maegesho makubwa, ambapo hata watu wa viwandani hula wakashiba na mifuko yao isiumie.

"Dada, huyu ni mgeni," Yasuo akasema.

"Ndiyo maana."

Hatsue alikuwa na hesabu yake kichwani. Mbele ya mpishi anayekutazama usoni kila mtu ana adabu. Lakini mweke mtu kando ya mkanda, vitu vizuri vimpitie mfululizo na pasiwe na wa kumzuia, hapo utaona mkono wake unakwenda wapi. Na mkono aliotaka kuuona ni wa Mitsue Tokura, mjane ambaye Yasuo alitaka kumwoa.

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuoa Hatsue hajatia neno lake, na Yasuo alikuwa ameshasema wazi kwamba dada akikataa, basi. Mama yao alipokufa Yasuo alikuwa bado anajikojolea. Hatsue ndiye aliyemlea, na mchana kutwa alikuwa akisugua fremu za miwani kwenye karakana pale mjini Sabae, mpaka vidole vyake vikawa laini kama sabuni iliyotumika. Aliolewa, akafiwa mapema, hakurudia tena. Mke wa Yasuo naye alipofariki, Yasuo akaanza kuja kula jioni kwa dada yake, kila siku, iwe mvua iwe theluji. Anavua viatu, anamsalimu marehemu mama kwenye madhabahu ya nyumbani, anakaa, anakula. Hawakuwa na maneno mengi. Sasa ghafla, na mvi zake, ati amepata mchumba kwenye mazoezi ya viungo ya wazee. Hatsue alijua fika mwanamke wa namna hiyo anatafuta nini. Nyumba ya Yasuo ilikuwa ya pembeni, inapata jua, na paa lake lilikuwa jipya.

Siku hiyo theluji ilikuwa imesukumwa ikalundikwa kandokando ya maegesho. Mitsue alikuwa ameshafika, amesimama nje ya mlango. Hatsue akalitia akilini. Ndani kuna viti na joto, mtu anasimama kwenye baridi ili nani amwonee huruma? Alikuwa mwanamke mwembamba, mvi zake hakuzipaka rangi. Akainama vizuri, akamkabidhi Hatsue kisanduku kwa mikono miwili.

"Kitu kidogo tu, Bi Hatsue. Jeli tamu ya maharage."

Hatsue akaitazama karatasi. Ilikuwa ya duka lile lile mama yao alikokuwa akinunua kila majira ya baridi.

"Nani kakwambia duka hili?"

"Hakuna. Kwetu tumenunua hapo tangu nina akili."

"Mh," Hatsue akasema, na Yasuo, aliyeijua mh hiyo tangu utotoni, akaanza kutazama viatu vyake.

Walipewa meza namba nane. Hatsue akakaa ubavuni mwa mkanda, Mitsue akakaa mkabala naye, ubavuni mwa mkanda pia. Yasuo akasimama akizubaa, halafu akakaa upande wa dada yake. Hatsue akafurahi. Kisha akafikiri, akaona kumbe Yasuo amekaa hapo ili amtazame yule mwanamke uso kwa uso, na furaha ikamtoka.

"Nikutilie chai?" Mitsue akauliza, kijiko cha unga wa chai tayari mkononi.

"Mikono ninayo." Hatsue akatia unga wake, akasukuma kikombe kwenye bomba la maji moto lililo pale mezani, akajimwagia kidogo, akajifanya hajaungua.

Miwani yake aliiacha mkobani. Mtu aliyetengenezea watu miwani maisha yake yote hakupenda kuonekana na yake, tena mbele ya huyu. Sahani zikaanza kupita chini ya vifuniko vyake: ngisi, kamba, samoni, pweza. Hatsue akachukua ngisi, akamfunua, akamnusa. Wali ulikuwa umefinyangwa na mashine, hilo alilijua hata kabla hajaonja. Lakini hakuja kwa ajili ya wali.

Mitsue akachukua mayai ya kukaanga, sahani ya bei ya chini kuliko zote. Anaigiza, Hatsue akawaza. Baadaye akachukua tango. Kisha mayai tena. Jodari mnono akapita, mwekundu mwenye mistari ya mafuta, na Mitsue akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona, lakini mkono ukabaki mapajani. Jodari akazunguka, akarudi. Macho yakamfuata tena.

"Huli jodari?" Hatsue akamwuliza.

"Naridhika na haya, asante."

"Mtu mzima kuridhika na mayai."

"Dada," Yasuo akasema.

"Kwani nimemtukana? Nimesema mayai."

Kila Mitsue alipomaliza sahani aliitumbukiza mara moja kwenye lile tundu la pembeni linalomeza sahani na kuzihesabu. Hatsue alipanga zake mezani, moja juu ya nyingine, kila mtu aone. Mwenye haraka ya kuficha sahani zake anaficha na mengine.

Yasuo, ili avunje ukimya, akabonyeza kile kioo cha kuagizia. "Nimekuagizia vibua, dada. Unavyovipenda. Vinakuja sasa hivi."

Pale mgahawani ukiagiza kitu chako, kinakuja kwenye mkanda ule ule, ila sahani inapandishwa juu ya bakuli jekundu lenye namba ya meza, ili wengine wote wakiache kipite. Hata watoto wanajua. Kugusa cha meza nyingine ni aibu, na ukishakigusa hukirudishi mkandani, maana hiyo ni aibu iliyovuka ile ya kwanza.

Hatsue akaliona bakuli jekundu likija. Juu yake vibua vinang'aa, na tangawizi kidogo imewekwa juu. Akakodoa. Nane. Akanyoosha mkono, akaishusha sahani, na kwa kuwa njaa ya kweli ilikuwa imeanza kumwuma, akatia kimoja mdomoni.

Meza ya mbele yao ikalia kengele, na ile sauti ya mashine ikatangaza kwamba agizo linakaribia. Alikuwa amekaa pale mwanamume mwenye jaketi la kazi pamoja na mkewe. Yule mwanamume akatazama mkanda. Likapita bakuli jekundu lenye namba tatu, tupu, halina kitu juu.

Akainua kichwa, akatazama nyuma. Mkewe akatazama. Msichana wa mgahawa, aliyekuwa akipanguza meza jirani, naye akasogea. Hatsue akaelewa, na mdomo umejaa. Hawezi kutema, hawezi kusema, wali umemkaa kooni.

"Ni mimi," Mitsue akasema. Akainuka nusu, akainama. "Samahani sana, bwana. Macho yangu haya, nimeona tatu nikadhani nane. Naomba uniwie radhi."

"Hamna shida, mama," yule mwanamume akasema.

"Tutawatengenezea vingine sasa hivi," msichana akasema, naye akainama, na mke wa mwanamume akainama, hata Yasuo akainama, hakujua kwa nini.

Hatsue akameza. Machozi yakamtoka kwa kumeza. Macho yake yalikuwa kwa Mitsue, siyo kwa yule mwanamume. Sauti haikutetemeka, jicho halikupepesa. Mwanamke huyu alikuwa ametoa uongo mzima, una mikono na miguu, kwa muda ambao mwingine angekuwa bado anakohoa.

Hatsue akasimama.

"Bwana, huyu anasema uongo. Aliyekula vibua vyako ni mimi."

"Mama, ni vibua tu," mke wa yule mwanamume akasema, akicheka kidogo.

"Ni vibua vyenu." Akainama, chini kabisa, mgongo ukalia. Wote wakainama tena. Na wakati vichwa vyote viko chini, bakuli jekundu la namba nane likapita mezani kwao na vibua vyake, hakuna aliyeliona, likaenda zake na mkanda.

Hatsue akakaa. "Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ulikuwa umejaza mdomo, Bi Hatsue."

"Nimekuuliza swali."

"Sikutaka uaibike mbele za watu."

"Umedanganya, jicho halikupepesa."

"Ndiyo."

"Basi na mimi utanidanganya lini?"

Mitsue akaweka vijiti vyake chini. "Nimekudanganya tangu tulipoingia. Mayai siyapendi. Yananitia kichefuchefu."

"Mitsue," Yasuo akasema taratibu.

"Wacha niseme, nimechoka na mayai. Mdogo wako aliniambia, dada atatazama sahani zako. Kula za bei ndogo, kula kidogo, jodari mnono usimguse, na sahani zitumbukize haraka asizihesabu."

Hatsue akageuza shingo polepole. Yasuo alikuwa amezamisha pua kwenye kikombe cha chai.

"Mwanamume mzima," Hatsue akasema.

"Nilitaka umpende, dada."

"Nimpende kwa tango?"

Lakini ndani yake kitu kilikuwa kimetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliwaza kwamba Mitsue anaigiza, na kweli alikuwa anaigiza. Macho yake mwenyewe bado yanaona, hata kama namba zinamponyoka. "Huyo jodari wako anakuja," akasema. "Mchukue kabla sijabadili nia."

Mitsue akachukua sahani mbili kwa mpigo. Akala kama wanavyokula watu waliofanya kazi ya kusimama maisha yao yote, haraka, bila kuachia punje. Hatsue akamngoja amalize ya kwanza.

"Sasa tuje kwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya Yasuo. Unaitakia nini?"

Mitsue akamtazama Yasuo. "Hujamwambia?"

"Nilitaka tukishashiba," Yasuo akasema.

"Mimi ninayo yangu, Bi Hatsue, ng'ambo ya mto. Siihami hata kwa fimbo. Yeye ndiye anakuja kwangu. Hiyo yake mpangisheni mtu, iuzeni, fugeni kuku humo, mimi haimo kichwani mwangu."

Hatsue alikuwa amejiandaa kwa mwizi wa nyumba. Maneno alikuwa ameyapanga usiku kucha, makali, kila moja mahali pake. Kwa mtu anayemchukua mwenyewe Yasuo na kuiacha nyumba, hakuwa ameandaa hata moja. Akatazama mkanda. Kamba wakapita, ngisi wakapita. Aliona meza yake ya jioni, bakuli moja la wali, mto mmoja wa kukalia.

"Na chakula chake cha jioni?" akauliza, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka.

Mitsue alimtazama Hatsue, kisha akamtazama Yasuo, kisha sahani ya jodari.

"Mimi kupika sijui," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa mpishi, sikuachiwa hata mwiko. Mwulize huyu."

"Supu yake ni maji ya moto yenye masikitiko, dada," Yasuo akasema. "Nimeinywa. Sitaki kuinywa tena."

"Tulifikiri tuje kwako jioni," Mitsue akasema. "Kama anavyokuja siku zote, ila tuwe wawili. Daraja liko pale, kwa gari unafika hata injini haijapata moto. Kama hutaki, sema hapa hapa, usiniambie kupitia yeye."

Hatsue akayageuza maneno hayo huku na huku, akitafuta mshono wake.

"Kumbe mnatafuta mpishi wa bure."

"Vyombo nitaosha mimi."

"Unaosha vizuri?"

"Kuliko ninavyodanganya."

Yasuo akacheka, akaona dada hacheki, akaacha. Hatsue alikuwa akimtazama Mitsue mikono sasa, kucha fupi, ngozi iliyochubuka kwenye viungo. Mikono ya maji. Hiyo haiigizwi.

"Nitasimama nyuma yako nikuone unavyoosha," akasema. "Wiki nzima. Sufuria hasa, watu huwa wanaacha mafuta chini ya mpini."

"Simama."

"Na madhabahu ya mama, ukiingia unamsalimu kwanza, kabla hujaniambia hujambo."

"Hiyo hata usingenifundisha."

Hatsue akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa. Fremu ya rangi ya kahawia, aliyoisugua mwenyewe zamani, isiyo na mkwaruzo. Dunia ikamjia karibu. Aliona kwamba Mitsue ana punje ya wali kidevuni, na kwamba hofu ilikuwa imemjaa usoni tangu mwanzo, chini ya ule utulivu wote.

"Kidevu," akamwambia. Mitsue akapangusa.

Kwenye kona ya mkanda likatokea bakuli jekundu, limeshazunguka jiko zima na meza zote, na hakuna mtu aliyeligusa. Vibua juu yake vilikuwa vimeanza kukauka pembeni. Namba ilikuwa nane, na safari hii Hatsue aliiona wazi, matundu yake yote mawili. Hata hivyo hakunyoosha mkono.

"Hii ni yetu?" akauliza.

Mitsue akatazama. "Yetu."

"Una hakika?"

"Ninayo hakika, Bi Hatsue."

"Basi ishushe wewe," Hatsue akasema. "Upesi, kabla haijatupita tena."