Udi wa Vijiti: Safari ya Kumtafuta Mama wa Katuni

Ile sauti ni yangu. Nimeikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeikana mbele ya mume wangu, mbele ya wanafunzi niliowafundisha, na mara moja mbele ya kasisi, ingawa yeye alikuwa ameniuliza jambo jingine kabisa. Leo nasema: yule msichana wa katuni ya Kijapani aliyekuwa akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Masasi kwenye mikanda ya video ya Temeke, akicheka, akilia, akipungia treni mkono, alikuwa mimi. Bibi yake pia alikuwa mimi. Na paka.

Nilikuwa na sababu za kukana. Ninaishi kwa kuandika makala, na katika mojawapo niliwahi kusema, kwa ukali mwingi, kwamba mtu mzima anayetazama katuni ana upungufu fulani. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kazi ile ya kuitia katuni sauti ya Kiswahili nilipewa kwa kuwa nilisema najua Kijapani. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kamusi ya Kijapani nilikuwa nimeiona maktabani, kwenye rafu ambayo mkono wangu haukuifikia.

Ningeendelea kukana mpaka kaburini kama si Neema, binti wa kaka yangu, anayeishi Mbweni na kuchora katuni kwa kompyuta. Ijumaa moja alinitumia kipande cha sauti kwa simu, kisha akapiga mwenyewe.

"Shangazi, shikamoo. Umeisikiliza? Huyo si wewe?"

"Huyo ana mafua," nikasema.

"Imewekwa kwenye kundi letu la anime, hizi katuni za Kijapani. Kuna mzee wa Temeke anaitwa Maulidi, anamtafuta huyo dada. Anasema jirani yake anataka kujua mwisho wa hiyo katuni kabla ya Ijumaa ijayo. Ni ishu ya kifamilia, shangazi. Si utani."

Jina la Maulidi, mwenzangu wa kutia sauti enzi zile, lilinikalisha kitandani. Nikamwambia Neema kwamba kesho yake nitapita kwake, ila nitaanzia Temeke.

Kinondoni, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nilichukua bajaji. Dereva alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni, na nyuma ya kiti chake alikuwa amebandika picha ya mpiganaji wa katuni mwenye nywele kama mkonge. Nikamuuliza kama ni ya mwanawe.

"Ya mwanangu? Hiyo ya kwangu, mama. Wewe huangaliagi anime?"

Nikasema mimi ni mtu wa vitabu. Akanisikitikia kwa kichwa. Kuanzia Kigogo mpaka Buguruni alinifundisha bila kupumzika: jinsi zamani kila picha ilivyochorwa kwa mkono na kupakwa rangi kwenye karatasi angavu, ikapigwa picha moja baada ya nyingine; jinsi zilivyosambaa dunia nzima kwa mikanda, zikahamia kwenye sidii, na sasa kipande kipya kikitoka kule asubuhi, jioni yeye anakiangalia kijiweni akisubiri abiria. Alitofautisha mkono wa mchoraji mmoja na wa mwingine kwa namna wanavyochora upepo. Nina shahada mbili na sijawahi kufikiri kwamba upepo huchorwa. Nilipolipa nauli nilimwamkia shikamoo kwa bahati mbaya, naye akaitikia bila kushangaa.

Temeke, saa nne kasorobo. Kibanda umiza chetu, ule ukumbi wa mabati ambako mtaa mzima ulikuwa ukibanana kwenye mabenchi kuangalia video, sasa ni ghala la magodoro. Maulidi alikuwa jirani yake, kwenye duka jembamba ambako anahamisha mikanda ya zamani ya harusi za watu kwenda kwenye flashi. Mwili umepungua, sauti haijapungua.

"Msomi!" akaita nikiwa bado barabarani. "Umenenepa, alhamdulilahi!"

"Shikamoo kaka Maulidi."

"Marahaba. Sema tena, ile ya kwenye treni."

Nikakataa. Akaniwekea kiti, akawasha televisheni, na hapo nikaiona tena, imejaa mistari ya mkanda uliochoka: *Mtoto wa Stesheni*, jina tulilolibuni wenyewe kwa kuwa la asili hatukuweza kulisoma. Msichana mdogo anaishi na baba yake na bibi yake katika stesheni ya milimani. Ni hivyo tu. Hakuna vita, hakuna majitu. Mvua inanyesha, treni inakuja, treni inaondoka. Na watu wa Temeke, makuli wa bandarini wenye mabega kama milango, walikuwa wakiitazama kimya, wengine wakijifuta macho kwa kofia.

Maulidi alisimamisha picha penye mvua. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Tone hili lilichorwa na mtu," akasema. "Na hili. Na hili. Zamani hatukuona, tulikuwa tunawahi kusema."

Kazi yetu ilikwenda hivi: tunatazama kipande mara mbili bila sauti, tunakubaliana kinachotokea, kisha tunazungumza juu yake kwa maikrofoni moja iliyovalishwa soksi. Maulidi alikuwa wanaume wote, wanyama wakubwa na dhoruba. Penye utata aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye lugha.

Kulikuwa na utata mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale baba anapochomeka vijiti vyembamba vinavyotoa moshi mbele ya picha ya mkewe. Nyumba ipi ya Dar haijui udi wa vijiti? Udi ni wa bi harusi, wa mgeni, wa mume anayemsubiri mkewe arudi. Maulidi akasema, "Mama kasafiri. Jamaa anafukiza udi, anamngoja. Au siyo, msomi?" Mara ya pili ni lile neno moja ambalo msichana huliita kila siku akifungua mlango wa nyumba. "Anasemaje hapo?"

Nikajibu papo hapo, kama mtu aliyezaliwa huko: "Anauliza, Mama amerudi?"

Ungamo langu halisi ni hili. Niliona kwamba mbele ya ule moshi msichana anafumba macho na kuunganisha viganja. Nikajiuliza ni nani anayefumba macho mbele ya udi wa furaha. Lakini moshi wa katuni hauna harufu. Kama tungeunusa ukawa ubani, ule wa hitma na dua za marehemu, kila mtu Temeke angejua kuna msiba. Hatukunusa, na ukumbi ulikuwa umekwishaanza kumpenda mama anayekuja. Nikanyamaza. Tulitia sauti mikanda yote isipokuwa wa mwisho, ambao mashine iliutafuna kabla hatujauona.

"Mwenye swali ni huyu," Maulidi akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni: Zuhura, fundi cherehani wa duka la tatu, mwanamke wa miaka kama thelathini na saba.

"Shikamoo dada Tekla. Kwa hiyo ndiye wewe," akasema. "Nilikuwaga nachungulia dirishani pale. Nilidhani wewe ni mtoto mwenzangu."

Hakuzunguka. Mama yake alikwenda Arabuni kufanya kazi za ndani yeye akiwa na miaka saba. Ilikuja barua moja na picha moja, kisha kimya. Kaka zake wamemtafuta kwa kila njia, wamechoka, na sasa wanataka Ijumaa ijayo wamsomee mama yao hitma ili naye apate dua kama marehemu wengine. Wamesema bila Zuhura hawafanyi. Yeye ndiye kitinda mimba, yeye ndiye aliyengoja.

"Nikikubali ni kama nimemzika mimi," akasema. "Kila Alhamisi nafukiza udi mbele ya picha yake, na kabla sijawasha nauliza vile vile, Mama amerudi? Nilijifunzia kwenu. Kaka zangu wananicheka, wanasema dini yangu ni ya katuni. Najua ni mchezo, dada. Ila nataka kujua. Yule mama alirudi?"

Maulidi akaanza kufuta kioo cha televisheni ambacho kilikuwa safi. Nikasema, "Nipe siku moja," na sauti yangu haikufanana na ile ya mkandani.

Mbweni, saa tisa alasiri. Kwa Neema rangi ya ukuta bado inanuka upya, na chumba chake cha kazi kina meza moja, kompyuta, na kalamu isiyo na wino anayochorea juu ya kioo. Anafanyia kazi wachoraji wa Japani kwa njia ya mtandao. Wao wanachora mwanzo na mwisho wa tendo. Yeye na wengine waliotawanyika duniani wanachora picha za katikati.

"Wiki hii wamenipa moshi," akasema.

"Moshi wote?"

"Sekunde chache tu, shangazi. Ni siku nne za kazi."

Akanionyesha. Mstari mmoja mwembamba, kisha mstari ule ule umepinda kwa unywele, kisha tena, picha baada ya picha. Akabonyeza, na moshi ukapumua. Nikajikuta nimevua miwani. Neema akanieleza kwamba wazee wa kazi hii, walipoanza kutengeneza za televisheni kila wiki, hawakuwa na watu wala muda wa kuchora kila kitu. Wakajifunza kuacha uso utulie, mdomo tu uchezeshwe, au dirisha tu, au mvua tu. Ule utulivu uliowanyamazisha makuli wa Temeke ulizaliwa na upungufu. Nikakumbuka soksi ya maikrofoni yetu na nikaona fahari ambayo sikuistahili.

Kisha akaitafuta *Mtoto wa Stesheni*. Dakika mbili, ikapatikana yote, safi kama imechorwa jana, na maandishi ya Kiingereza chini yake. Tukaanza na kipande cha kwanza. Msichana akafungua mlango, akaita lile neno lake. Neema, ambaye Kijapani anakijua kweli, akacheka.

"Mlisema 'Mama amerudi?' Shangazi, hiyo ni 'Nimerudi.' Mtu akiingia nyumbani ndivyo anavyosema. Huyu anawaambia waliomo."

"Na picha?"

"Mama yake amefariki, shangazi. Tangu mwanzo. Hivyo vijiti ni vya marehemu."

Nilikosea silabi moja. Niliweka *a* mahali pa *ni*, na mtaa mzima ukakaa kumsubiri mtu asiyekuwa njiani.

Tukatazama kipande cha mwisho. Treni imefutwa, stesheni imefungwa. Msichana amekuwa mwanamke mzima na begi mkononi. Anafungua ule mlango, anachomeka kijiti kimoja mbele ya picha, anafumba macho. "Nimerudi," anasema. Halafu hakuna neno. Ni moshi tu unaopanda, kwa muda mrefu kuliko mtengenezaji yeyote mwenye haraka angekubali, na Neema akaninong'oneza kwamba hakuna picha ya moshi ule iliyorudiwa hata mara moja, mtu alikaa akauchora wote kwa mkono. Nimeingia makanisani na misikitini, nimesimama kwenye makaburi ya wakubwa. Sijawahi kuona marehemu akifanyiwa heshima kama ile aliyoifanya mtu huyo kwa penseli yake.

Temeke tena, Jumapili, saa nne asubuhi. Sikutaka kumwambia kwa simu. Zuhura alikuwa anashona sare, nikamwekea simu yangu juu ya cherehani na kumwonyesha mwisho. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kwamba sikujua Kijapani, kwamba ule haukuwa udi, kwamba lile neno nililiokota hewani na maana yake hasa ni "Nimerudi", na kwamba kuna siku nilishuku na nikanyamaza. Maulidi alijaribu kunisaidia: "Kosa letu sote, Zuhura. Mie ndiye niliyesema udi."  Zuhura aliutazama moshi mpaka ukaisha, akanirudishia simu, akasema, "Asante, dada," na kukanyaga cherehani. Ilipiga kelele sana.

Kinondoni, siku zilizofuata. Safari yangu yote ilikuwa ndani ya jiji moja na ilinichosha kuliko zile za ndege. Nilijaribu kuandika kuhusu wachoraji wa Japani na mikono yao, nikashindwa, kwa kuwa kila nilipofika kwenye moshi niliisikia ile cherehani. Wao walitumia maisha yao kuuchora ukweli bila kuruka hata unywele mmoja. Mimi niliuruka kwa kuona aibu kusema sijui. Nimekwishaufuta mstari wa Kijapani kwenye wasifu wangu. Ndiyo, ulikuwa bado umo.

Alhamisi, magharibi, simu iliita.

"Dada Tekla, mie Zuhura."

Nikasimama, sijui kwa nini.

"Nimewaambia kaka zangu sawa. Kesho baada ya swala. Njoo na huyo Maulidi wako, mwambie asitie sauti." Akacheka kidogo. Nyuma yake nilisikia adhana ikimalizika. "Leo nilipitia sokoni. Yule muuzaji ananijua, keshanifungia udi wangu. Nikamwambia hapana, leo nipe ubani."

"Zuhura, nisamehe."

"Subiri nimalize. Nimefika nyumbani, nimefungua mlango, nimeiona picha yake pale pale. Nikataka kuuliza kama siku zote, neno likanikwama. Basi nikasema lile lako lililo sahihi." Akavuta pumzi. "Nikamwambia, Mama, nimerudi."